Gusii: Mpaka Ulitangulia, Hesabu Ikafuata

Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Ile ya 2009 ilikuwa imewakuta 598,252. Yaani katika miaka kumi, kuanzia mashamba ya Borabu hadi miinuko ya Manga, kuanzia Magwagwa hadi Sironga na mji wa Nyamira wenyewe, waliongezeka watu 7,324 tu, asilimia 1.2. Katika miaka hiyo hiyo Kenya nzima ilipanda kutoka watu 38,610,097 hadi 47,564,296, asilimia 23. Kwangu hii ni habari kubwa kuliko nyingi zilizoandikwa kuhusu Gusii, yaani Kisii na Nyamira, katika kizazi hiki, kwa sababu inagusa hoja iliyotumika huku kwa zaidi ya nusu karne kila watu walipotaka wilaya mpya, tarafa mpya, kata mpya au eneo bunge jipya: kwamba watu wamejaa, kwa hiyo eneo ligawanywe. Makala haya yanadai kwamba mipaka ya Gusii, kwa sehemu kubwa ya historia yake, haikufuata hesabu ya watu. Mpaka ulitangulia, kwa sababu zake, na hesabu ikaja baadaye kuutetea. Sasa hesabu yenyewe haitoi tena ushahidi huo, na tunahitaji kuisoma upya kabla hatujaomba mstari mwingine kwenye ramani.

Tuanzie pale serikali ilipoanzia. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha kijeshi kuwapiga Abagusii, na mwaka 1907 wakafungua boma mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Aliyewekwa hapo kutawala ni G. A. S. Northcote. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki. Northcote akapona, na msafara wa pili wa adhabu ukafuata, nyumba zikachomwa moto na ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu. Baada ya hapo ndipo utawala wa kawaida ulipoanza, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba. Ili kodi ikusanywe, ilibidi awepo mtu wa kuulizwa, na mtu huyo awe na eneo lenye mwanzo na mwisho. Hivyo nchi ikagawanywa kata saba: Kitutu, Mugirango Kaskazini, Mugirango Kusini, Nyaribari, Majoge, Bassi na Wanjare. Kila moja ilikuwa na chifu wake, na zote zilikuwa chini ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyowaweka pamoja Abagusii, Wajaluo, Abasuba na Abakuria. Mfuatano huo ndio wa kuzingatia. Kata zilichorwa kabla ya yeyote kuwahesabu watu kwa dhati. Kilichohesabiwa mwanzoni ni nyumba, tena kwa ajili ya rupia. Sensa ya kwanza iliyojaribu kweli kuwahesabu Waafrika wa Kenya ilifanywa mwaka 1948, takriban miaka arobaini baada ya boma la Getembe kusimamishwa.

Msomaji wa Gusii atanipinga hapa, na upinzani wake una uzito. Atasema kata zile hazikubuniwa na Mzungu: Abagetutu, Abagirango, Abanyaribari, Abamachoge, Ababasi na Abanchari walikuwepo, wana mababu wao, ardhi zao na vita vyao, na serikali ilichofanya ni kuandika tu kile ilichokikuta. Kweli koo zilikuwepo. Lakini ukoo ni watu, na kata ni ardhi, na kuvifanya viwili hivyo kuwa kitu kimoja ni uamuzi wa kisiasa. Kabla ya boma, familia iliyogombana na jirani au iliyokosa malisho iliweza kuhamia kwa wajomba au wakwe katika ukoo mwingine, ikapokelewa kama abamenyi, yaani wakazi wageni, na kupewa mahali pa kulima. Chini ya machifu kama Musa Nyandusi wa Nyaribari na Onsongo Angwenyi wa Kitutu, mtu aliandikwa kwa kata yake, akalipa kodi huko, akaamuliwa kesi huko. Uhamaji haukuisha, ila sasa ulikuwa na kibali na karatasi. Na kama koo ndizo zingekuwa msingi wa mipaka, ramani ya leo isingeweza kuelezeka. Abagirango wa Magharibi na wa Kaskazini wako Nyamira, ilhali wale wa Kusini wako Kaunti ya Kisii, mbali kabisa, upande wa kupakana na Migori. Abagetutu nao wamekatwa: Kitutu Chache iko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Koo mbili kubwa kati ya zile sita zimepitiwa katikati na mpaka wa kaunti. Anayesema mpaka ni wa ukoo itambidi aeleze hayo kwanza.

Kwa zaidi ya nusu karne Kisii ilikuwa makao makuu ya wilaya ambayo nusu yake haikuwa ya Wakisii. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni na kila upande ukijua kwamba wilaya ndiyo itakayokuwa uwanja wa siasa mpya, Kisii ilitengwa na Nyanza Kusini, kama Kavirondo Kusini ilivyokuja kuitwa, ikawa wilaya yake. Sababu ilikuwa lugha na siasa. Idadi ya watu haikuwa hoja kuu. Miaka hiyo hiyo likatokea jambo la pili, lenye athari hadi leo. Kati ya Abagusii na Wakipsigis, kuelekea Sotik, Waingereza walikuwa wameweka mashamba ya walowezi. Walowezi walipoanza kuuza, sehemu ya ardhi hiyo ikawa skimu za makazi, na Abagusii wakapewa vipande vilivyo upande wao: Nyansiongo, Mekenene, Esise na kwingineko katika eneo tunaloliita Borabu. Mashamba ya huko yalipimwa kwa ekari nyingi, kwa watu waliotakiwa kulima na kulipa mkopo. Ndiyo maana katika sensa ya 2019 Borabu, ambayo kwa ardhi ni kubwa kuliko kaunti ndogo nyingine zote za Nyamira, ilikuwa na watu 73,167 tu, ilhali Nyamira Kusini, ambako mji wa Nyamira uko, ilikuwa na 159,073, na Nyamira Kaskazini 167,267. Mtu akisimama Kijauri, huko Borabu, kisha akasimama Kemera, nje ya skimu, ataona nchi mbili tofauti, moja ya viwanja vipana vyenye chai na ng'ombe, nyingine ya nyumba zinazotazamana mlango kwa mlango. Tofauti hiyo iliandikwa na mpima ardhi wa skimu miaka ya mwanzo ya 1960, na wingi au uchache wa vizazi haukuwa na sehemu yoyote ndani yake.

Baada ya uhuru idadi ya watu ilipanda kwa kasi ambayo hakuna anayeweza kuikana. Mwaka 1969 wilaya ya Kisii ilikuwa na watu 675,041. Mwaka 1979 walikuwa 869,512. Mwaka 1989, tukichukua Gusii yote pamoja, walikuwa 1,137,054, na mwaka 1999 walifika 1,450,827. Kila muongo kati ya hiyo mitatu uliongeza karibu asilimia 30. Hizi ndizo takwimu zilizowapa viongozi wa Gusii kauli ya kwamba watu wamejaa, nayo ilikuwa kweli. Hata hivyo, tazama wilaya ya pili ilikuja lini. Haikuja 1969 wala 1979, wakati ongezeko lilikuwa kubwa vilevile. Nyamira ilitengwa na Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya serikali kuanzisha, Julai 1983, mfumo wa kupanga maendeleo kupitia wilaya. Chini ya mfumo huo miradi ya barabara, maji, shule na zahanati ilipangwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, na aliyekuwa na wilaya alikuwa na meza ya kuketi. Aliyekuwa ndani ya wilaya ya mwenzake alingoja zamu. Kabla ya 1983 wilaya ilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, rumande na bendera. Baada ya 1983 ikawa mfuko. Sioni ajabu kwamba madai ya wilaya yaliongezeka nchi nzima kuanzia hapo. Watu walikuwa wengi tangu zamani, ila sasa mpaka ulikuwa na bei.

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Sheria ya Wilaya na Mikoa, iliyotaja kwa majina wilaya 46 pamoja na Nairobi. Kisii imo, Nyamira imo. Mwaka 1996 rais akatangaza wilaya nyingine kutoka Kisii: Gucha, makao makuu yake Ogembo. Sensa ya 1999 ilipofanywa, Gusii ikawa na wilaya tatu zenye ukubwa unaokaribiana mno: Kisii ya Kati watu 491,786, Gucha 460,939, Nyamira 498,102. Kwa mtu wa kawaida hizi zilikuwa wilaya tatu ndugu, zenye wakuu wa wilaya watatu, na hakuna aliyejali ipi iliandikwa kwenye sheria na ipi ilitoka kinywani mwa rais jukwaani. Kisha kuelekea na baada ya uchaguzi wa 2007 wilaya zikamwagika nchi nzima. Huku kwetu zikaja Borabu, Manga, Masaba, Gucha Kusini na nyingine, mpaka ikawa vigumu kwa mwalimu wa shule ya msingi kufundisha ramani ya nyumbani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya ile sheria ya 1992 hazikuwa halali. Na mwaka uliofuata, Katiba mpya ilipohitaji orodha ya kaunti, ilichukua wilaya zile zile za sheria ya 1992 pamoja na Nairobi, zikawa kaunti 47. Kisii ikawa namba 45 na Nyamira namba 46.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama kwa miguu yote miwili. Nyamira na Gucha zilipishana kwa watu wasiofika elfu arobaini mwaka 1999. Moja leo ina gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, bunge la kaunti na hospitali ya kaunti. Nyingine ni sehemu ya Kaunti ya Kisii, na Ogembo, uliokuwa mji mkuu wa wilaya, leo ni mji wa kaunti ndogo. Kilichozitenganisha ni tarehe: moja ilitengwa kabla ya 1992, nyingine baada. Na tarehe hiyo ina thamani inayopimika kwa fedha. Fomula ya kwanza ya kugawa mapato kati ya kaunti ilitoa asilimia 45 ya uzito kwa idadi ya watu, asilimia 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, 2 kwa nidhamu ya matumizi, na asilimia 25 iligawanywa sawa kwa sawa kwa kaunti zote 47. Fungu hilo la mwisho haliulizi kaunti ina watu wangapi. Nyamira ilipokea sawa na Nakuru, sawa na Kisii yenye watu karibu mara mbili yake. Katika fomula ya 2020 fungu la usawa lilipungua hadi asilimia 20, na uzito wa idadi ya watu peke yake ukashuka hadi 18, nafasi iliyobaki ikijazwa na vipimo vya afya, kilimo, barabara na miji. Mtu wa Nyamira ana haki ya kufurahia bahati hiyo. Mtu wa Ogembo naye ana haki ya kuuliza ni kosa gani alilofanya, na jibu la kweli ni kwamba hakufanya lolote.

Wapo watakaosema kwamba, hata kama mpaka ulianza kwa bahati, umewaletea watu huduma karibu. Hili sitalipuuza. Mzazi anayetaka cheti cha kuzaliwa, kijana anayetaka kitambulisho cha taifa, mjane anayetafuta barua ya chifu kwa ajili ya kesi ya urithi, wote hao wanafaidika ofisi ikiwa karibu. Siku moja ya kusubiri foleni mbali na nyumbani ni siku moja ya chai ambayo haijachumwa. Lakini hebu tuhesabu ofisi zilizopo juu ya mkazi mmoja wa Sironga leo. Upande wa serikali kuu ana naibu wa chifu, chifu, msaidizi wa kamishna wa kaunti, naibu kamishna wa kaunti na kamishna wa kaunti. Upande wa serikali ya kaunti ana msimamizi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo na gavana. Upande wa waliochaguliwa ana mwakilishi wadi, mbunge, mwakilishi wa wanawake na seneta. Nyamira ina maeneo bunge manne lakini kaunti ndogo za serikali kuu tano, kwa sababu Kitutu Masaba imegawanywa kuwa Manga yenye watu 94,209 na Masaba Kaskazini yenye 111,860. Ina wadi 20, na ukizisoma kuanzia Nyamaiya, Bogichora, Bosamaro, Bonyamatuta na Township hadi Rigoma na Gesima, hutaliona jina la Sironga, ingawa shule ya wasichana ya Sironga inajulikana mbali nje ya Gusii. Mahali panajulikana na watu wenyewe, na serikali inapatambua kwa jina jingine. Tatizo la mkazi huyo halitokani na uhaba wa ofisi. Anachohitaji ni kujua ipi kati ya hizo inahusika na daraja lake, na ipi ina fedha. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986 na leo zinazidi 130. Rwanda, nchi ya vilima na watu wengi kama yetu, mwaka 2006 ilipunguza wilaya kutoka 106 hadi 30 na mikoa kutoka 12 hadi mitano. Kwa hiyo ukaribu wa huduma si kitu kinachozaliwa chenyewe na wingi wa mipaka.

Sasa turudi kwenye ule muongo wa 2009 hadi 2019, maana ndani yake mna mambo ambayo jumla pekee inayaficha. Gusii yote, yaani Kisii na Nyamira pamoja, ilitoka watu 1,750,534 hadi 1,872,436, ongezeko la asilimia 7, baada ya miongo mitatu ya karibu 30 na mmoja wa 21. Jibu la haraka la wengi ni kwamba watu hawakuhesabiwa vizuri. Ni pingamizi la haki, na dawa yake imo ndani ya sensa ile ile. Waliojitambulisha kuwa Abagusii nchini Kenya walikuwa 2,205,669 mwaka 2009, na 2,703,235 mwaka 2019: ongezeko la karibu asilimia 23, sawa na la taifa. Watu hawakupungua kuzaliwa kuliko Wakenya wengine, wala hawakusahauliwa na makarani. Walikuwa kwingine. Hata tukichukulia kwamba kila aliyehesabiwa katika kaunti hizi mbili alikuwa Mgusii, jambo ambalo si kweli, waliokuwa nje ya Gusii walikuwa angalau 455,000 mwaka 2009 na angalau 830,000 mwaka 2019. Sensa ya Kenya humwandika mtu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa, na mwaka 2019 usiku huo ulikuwa wa kuamkia Agosti 25. Aliyelala Nairobi aliandikwa Nairobi, hata kama nyumba yake, kaburi la babake na kura yake viko Nyamira.

Nyamira peke yake ina alama nyingine mbili za jambo hilo hilo. Ya kwanza ni wanawake: walihesabiwa 314,656 dhidi ya wanaume 290,907, tofauti ya watu 23,749. Wavulana na wasichana huzaliwa kwa idadi inayokaribiana. Pengo kubwa hivyo linaonyesha hasa wanaume waliokwenda kutafuta kazi mijini na katika mashamba makubwa ya chai, wakaacha wake zao wakishughulika na shamba la nyumbani. Ya pili ni kaya. Mwaka 2009 Nyamira ilikuwa na kaya 131,039. Mwaka 2019 zilikuwa 150,669. Watu waliongezeka elfu saba na ushei, kaya zikaongezeka zaidi ya elfu kumi na tisa. Wastani wa kaya ulishuka kutoka watu wanne na nusu hivi hadi wanne. Hapa ndipo msongamano wa Gusii ulipo. Nyamira ina watu 675 kwa kila kilomita ya mraba, Kisii 957, na Kenya 82, lakini takwimu hizo haziumi kama ile ya kaya, kwa sababu kila kaya mpya hudai nyumba, jiko, choo, njia na kipande cha kulima. Katika vilima vya Gusii shamba la familia kwa desturi huteremka kama ukanda kutoka mgongo wa kilima, penye barabara, hadi bondeni penye maji. Wana wakigawana, hugawana kwa urefu ili kila mmoja apate barabara juu na maji chini. Kizazi cha kwanza kinapata ukanda. Cha pili kinapata utepe. Cha tatu kinapata upana ambao trekta haiwezi kugeukia. Kule chini, katika bonde oevu kama lile la Sironga, mikaratusi imepandwa mpaka kwenye tope kwa sababu ndiyo inayouzika bila palizi, na maji yanazidi kurudi nyuma. Huo ndio mgawanyo unaoamua maisha ya watu hawa, na hauna tume wala gazeti la serikali.

Linabaki suala la viti vya Bunge, ambalo najua ndilo linalowakosesha viongozi usingizi. Hapa lazima nikiri kwamba kuna wakati mmoja mpaka na hesabu vililingana vizuri. Maeneo bunge 290 yalipogawanywa mwaka 2012, wastani wa watu kwa eneo ulikuwa 133,138. Gusii ilistahili viti 13.1 na ilikuwa imepata 13, tisa vya Kisii na vinne vya Nyamira. Kwa hesabu ya 2019 wastani umepanda hadi 164,015, na Gusii inastahili viti 11.4. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Muda huo ulipita Machi 2024 bila mapitio kukamilika, lakini yatafanyika. Wengine wametazama India, ambayo mwaka 1976 iligandisha mgao wa viti vyake kwa sensa ya 1971, hasa ili majimbo yaliyofaulu kupunguza uzazi yasiadhibiwe, na ikaendeleza mgando huo baadaye. Naelewa mvuto wake, ila haufai hapa. Ongezeko la Wahindi wa kusini lilipungua kwa kuzaa wachache. Ongezeko la Abagusii nyumbani limepungua kwa kuhama, na kule walikohamia, Nairobi, Nakuru, Kericho au Narok, wanatumia barabara, shule na maji ya huko, na huko ndiko hesabu yao inakohitajika. Kumhesabu mtu mahali asipoishi ni kumnyima pale anapoishi. Isitoshe, Katiba inaruhusu eneo bunge kupungua hadi asilimia 30 chini ya wastani. Viti 13 vya Gusii vina wastani wa watu 144,000, asilimia 12 chini, kwa hiyo sheria haimlazimishi yeyote kuvifuta vyote viwili vinavyozidi. Kuvitetea kunawezekana. Kudai cha kumi na nne hakuna msingi.

Tume ya mipaka itakapokuja kusikiliza maoni Nyamira, itakuwa vyema ikutane na watu waliobeba takwimu za kaya badala ya jumla ya vichwa. Wadi ya Bosamaro na wadi ya Esise zikipimwa kwa idadi ya watu tu, zinafanana kuliko zinavyostahili. Zikipimwa kwa kaya, kwa ukubwa wa shamba la kila kaya na kwa idadi ya nyumba zinazoendeshwa na wanawake, zinahitaji bajeti tofauti kabisa. Kazi hiyo haihitaji mpaka mpya. Inahitaji bunge la kaunti ligawe fedha za wadi kwa kipimo kingine, jambo ambalo liko ndani ya uwezo wake leo. Inahitaji pia daftari la ardhi linalolingana na shamba lilivyo: hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyekwisha kufa, ilhali juu ya ardhi yenyewe wamo wajukuu, kila mmoja na ukanda wake, bila karatasi ya kukopea, bila ya kuuzia, na bila ya kumzuia jirani asisogeze ua. Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Familia zisingoje hadi hapo kwenda kwa bodi ya ardhi na kwa msajili, na serikali ya kaunti ingefanya jambo la maana kulipia gharama za upimaji kwa wasiojiweza, kuanzia na wajane.